Jungu Kuu na Ukoko Wake: Roger Milla na Hoja ya Kumrudisha Mkongwe Kikosini

Kila msimu wa ligi unapokwisha na dirisha la usajili kukaribia, wapenzi wa kandanda hugawanyika kambi mbili juu ya swali lile lile: mchezaji mkongwe ambaye mkataba wake umefika tamati aongezewe, au aagwe kwa heshima? Kambi ya kwanza husema jungu kuu halikosi ukoko. Kambi ya pili hujibu kwamba mpanda ngazi hushuka. Hoja hii nimeisikia vibarazani, redioni na hata katika vyumba vya wahadhiri, na mara nyingi wanaobishana huanza na umri na kuishia na umri. Kusudi langu katika makala haya ni kuonesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba umri ni kipimo dhaifu cha kuamulia jambo hili. Yapo maswali mengine yenye uzito zaidi, na maswali hayo hayaishii uwanjani.

Shahidi wangu mkuu ni Cameroon, kwa sababu nchi hiyo ilimrudisha mkongwe yule yule katika michuano miwili ya Kombe la Dunia na kuvuna matokeo mawili yaliyotofautiana kama usiku na mchana.

Roger Milla alizaliwa Yaoundé mwaka 1952. Mwaka 1976 alitajwa mchezaji bora wa Afrika, kisha akacheza kwa miaka mingi Ufaransa katika klabu kama Monaco, Bastia, Saint-Étienne na Montpellier. Alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Hispania mwaka 1982, ambako Cameroon ilitoka sare michezo yake yote mitatu na kutolewa bila kufungwa hata mara moja. Italia, iliyokuwa katika kundi lilo hilo, nayo ilitoka sare tatu, ikasonga mbele kwa kuwa ilikuwa na bao moja zaidi la kufunga, na hatimaye ikatwaa kombe. Milla alikuwamo pia Cameroon ilipolitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1984 na 1988. Baada ya hapo alitundika daluga katika timu ya taifa, akaenda kumalizia soka lake katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi. Kwa hesabu za kawaida za kandanda, habari yake ilikuwa imekwisha.

Mwaka 1990 akaitwa tena. Inafahamika sana kwamba sauti iliyomrudisha ilitoka ikulu, kwa Rais Paul Biya mwenyewe, wala haikuanzia katika benchi la ufundi lililoongozwa na Mrusi Valeri Nepomniachi. Milla alikuwa ametimiza miaka 38 siku chache tu kabla ya fainali kuanza.

Ni vyema tukumbuke Cameroon ilikuwa katika hali gani wakati huo. Bei za mazao ya nje zilikuwa zimeporomoka, na hazina ya serikali ilikuwa taabani. Wananchi walianza kudai mfumo wa vyama vingi. Tarehe 26 Mei 1990, chama cha upinzani cha SDF kilizinduliwa mjini Bamenda bila kibali cha serikali, na watu sita wakapoteza maisha vikosi vya usalama vilipoingilia kati. Siku 13 baadaye, tarehe 8 Juni, Cameroon iliingia uwanjani Milan kufungua fainali dhidi ya mabingwa watetezi, Argentina. Mwanafunzi wa historia hawezi kuyasoma matukio haya mawili katika kurasa zilizo mbalimbali. Serikali iliyohitaji furaha ya umma ilikuwa na kila sababu ya kujishughulisha na orodha ya wachezaji.

Nchi hiyo hiyo, katika majuma hayo hayo, ilimtendea mkongwe mwingine kinyume kabisa. Kipa Joseph-Antoine Bell, aliyetarajiwa kuanza langoni, alikosoa maandalizi ya timu hadharani. Siku ya mechi ilipowadia, langoni alisimama Thomas Nkono. Nkono alidaka vizuri sana katika fainali zile, kwa hiyo wengi hawakuona haja ya kuuliza. Lakini funzo lipo: mkongwe mmoja aliingizwa kwa neno la mkubwa na mwingine akapoteza nafasi kwa sababu ya ulimi wake, na miguu na mikono yao havikuwa hoja ya kwanza.

Je, matokeo yalikuwaje? Cameroon iliifunga Argentina bao 1-0, mfungaji akiwa François Omam-Biyik, ingawa ilimaliza ikiwa na wachezaji tisa baada ya kadi nyekundu mbili. Dhidi ya Romania, Milla aliingia kipindi cha pili, akafunga dakika ya 76 na ya 86. Katika raundi ya pili dhidi ya Colombia, aliingia tena akitokea benchi, akafunga mabao mawili katika muda wa nyongeza, la pili baada ya kumpokonya mpira kipa René Higuita aliyekuwa ametoka mbali na lango lake. Katika robo fainali dhidi ya Uingereza aliingia mwanzoni mwa kipindi cha pili timu ikiwa nyuma kwa bao moja. Alisababisha penalti iliyozaa bao la kusawazisha, kisha akatoa pasi ya bao la pili. Uingereza ilihitaji penalti mbili za Gary Lineker ili kushinda 3-2. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika robo fainali kabla ya hapo, na mwaka huo Milla alitajwa tena mchezaji bora wa Afrika, miaka 14 baada ya tuzo yake ya kwanza.

Wanaomtumia Milla kama hoja ya kuwarudisha wakongwe wote husahau jambo moja dogo: katika michezo yote mitano ya mwaka 1990 hakuanza hata mmoja. Mzigo wa kukimbia, kukaba na kuwachosha mabeki ulibebwa na vijana. Mkongwe aliingia wapinzani wakiwa wamekwisha kuchoka, akiwa na kazi moja inayoeleweka: kuumalizia mchezo ambao wengine walikuwa wameuandaa. Angecheza dakika 90 mara tano katika joto la Italia, huenda leo tusingelitaja jina lake katika mjadala huu.

Sasa tutazame mwaka 1994, Marekani. Milla aliitwa tena akiwa na miaka 42. Bell naye alirudi langoni, akikaribia miaka 40. Mbele ya Bell, katika safu ya ulinzi, alikuwamo Rigobert Song mwenye miaka 17, ambaye alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Brazil. Cameroon ilitoka sare 2-2 na Sweden, ikafungwa 3-0 na Brazil, kisha ikafungwa 6-1 na Urusi, Oleg Salenko akifunga mabao matano peke yake. Bao la pekee la Cameroon siku ile lilifungwa na Milla, na mpaka leo yeye ndiye mfungaji mwenye umri mkubwa kuliko wote katika historia ya Kombe la Dunia. Rekodi ya mtu mmoja iliandikwa siku ambayo timu yake ilidhalilishwa.

Hapa ndipo hoja ya umri inapoanguka. Bao la 1994 linaonesha kwamba mguu wa Milla ulikuwa bado unafanya kazi. Kilichokuwa kimeoza ni kilichomzunguka: kikosi kiligubikwa na mgogoro wa posho na marupurupu, na nchi iliyotikisa dunia mwaka 1990 haikuwa hata imefuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1994. Miaka minne ilipita bila shirikisho kujenga juu ya msingi ule. Mwaka 1990 mkongwe aliongezwa juu ya timu iliyosimama. Mwaka 1994 aliwekwa kuziba pengo la timu ambayo haikuwapo.

Asije mtu akadhani kwamba ni ugonjwa wa mataifa maskini. Italia ilitwaa Kombe la Dunia mwaka 2006 chini ya kocha Marcello Lippi. Mwaka 2008 kocha huyo alirudishwa kazini, na mwaka 2010 akaenda Afrika Kusini na wachezaji tisa wa kikosi kile cha ubingwa, nahodha Fabio Cannavaro akiwa na miaka 36. Italia ilitoka sare na Paraguay, ikatoka sare na New Zealand, ikafungwa 3-2 na Slovakia, ikashika mkia katika kundi lake. Hapa mkongwe hakuitwa kwa kazi maalumu. Kumbukumbu nzima iliitwa, kocha na wachezaji, kana kwamba mwaka 2006 ungeweza kuchezwa upya.

Kutokana na ushahidi huu ninapendekeza maswali manne ambayo klabu, shirikisho au taasisi yoyote ijiulize kabla ya kusaini. Kwanza, mkongwe huyu anaitwa kufanya kazi gani mahususi, na kwa dakika ngapi? Pili, nani ameamua: mwenye dhamana ya ufundi atakayewajibika kwa matokeo, au mwenye mamlaka asiyewajibika kwa lolote? Tatu, mkataba unakwisha lini, na ukomo huo unajulikana kwa wote tangu siku ya kwanza? Nne, nani anakaa nyuma yake akijifunza, ili siku ya kuondoka kwake pasiwe na pengo?

Tupime kwa mfano wa karibu. Mwaka 2019 kipa Juma Kaseja, akiwa na miaka 34 na baada ya miaka kadhaa nje ya Taifa Stars, aliitwa tena. Mwezi Agosti mwaka huo Tanzania iliitoa Kenya kwa mikwaju ya penalti jijini Nairobi katika kuwania kufuzu CHAN, Kaseja akiwa langoni, na mwezi uliofuata ikaitoa Burundi vivyo hivyo katika mchujo wa awali wa Kombe la Dunia. Kazi ilieleweka, na ilihitaji utulivu ambao kijana wa miaka 20 huupata kwa nadra. Katika swali la kwanza, Kaseja alifaulu. Swali la nne haliwezi kujibiwa na kipa. Linajibiwa na wanaoendesha soka, na jibu lake huonekana miaka mingi baadaye.

Kuna pingamizi moja zito ambalo lazima nilijibu. Watu husema kwamba mchezaji aliyeitumikia klabu miaka kumi na zaidi hapaswi kutupwa kama ganda la muwa. Ninakubaliana nao kabisa. Katika ligi zetu wachezaji wengi humaliza soka bila akiba wala pensheni, na hapo ndipo kiongozi mwenye utu hushawishika kumwongezea mkongwe mwaka mmoja wa huruma. Lakini mwaka wa huruma hauondoi dhiki. Huiahirisha tu, na wakati huo huo humziba kijana nafasi na kumwachia mkongwe zomeo la jukwaani badala ya makofi ya kuagwa. Haki ya mkongwe ni michango ya hifadhi ya jamii iliyolipwa kwa wakati tangu mkataba wake wa kwanza, bima ya matibabu ya magoti aliyoyaumiza akiwa kazini, na mafunzo ya ukocha kwa anayeyataka. Klabu inayotoa jezi mahali pa mafao inakwepa deni lake.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wameshatambua ninakoelekea. Sheria zetu zinaweka miaka 60 kuwa umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi, na zimeacha mlango wa mikataba baada ya kustaafu. Mlango huo una maana yake. Fundi wa mitambo ambaye hakuna mwingine anayeijua, au daktari bingwa katika mkoa usio na wa pili, anastahili kuitwa. Lakini maswali yale manne yanamhusu naye pia. Ofisi inayomrudisha mstaafu huyo huyo kwa mkataba wa tatu, bila msaidizi aliyeandaliwa, haijathibitisha umahiri wake. Imethibitisha kwamba kwa miaka yote hiyo haikumfundisha mtu mwingine.

Historia nayo ina kejeli zake. Rais aliyemwita Milla mwaka 1990 alikuwa na miaka 57 na alikuwa madarakani tangu Novemba 1982. Milla amekwisha kustaafu, na waliocheza naye wana wajukuu. Mwaka 2025 Biya alitangazwa tena mshindi wa urais, akiwa na miaka 92. Milla aliingia dakika za mwisho, akafanya alichoitiwa, na kipenga cha mwamuzi kilipopulizwa akatoka uwanjani kama wengine wote. Mchezo una saa, na saa hiyo haiko mkononi mwa mchezaji.

Kwa hiyo, klabu yako ikitangaza kwamba imemwongezea mkongwe mkataba, usianze kwa kuuliza ana miaka mingapi. Uliza ameitwa kufanya nini, nani aliyemwita, mkataba unakwisha lini, na jina la kijana anayefanya naye mazoezi kila asubuhi. Viongozi wakishindwa kulitaja jina hilo, tatizo la klabu ni kubwa kuliko mkongwe mmoja, na mwakani mtabishana tena juu ya mtu yule yule.