Uzi na Kalamu: Ufumaji na Uandishi katika Fasihi ya Kidenmark

Wataalamu wa fasihi wamezoea kusema kwamba matini ni kitu kilichofumwa. Kauli hii ina asili yake katika Kilatini, ambamo neno textus latokana na kitenzi texere, yaani kufuma. Na huko ndiko Kidenmark kilikopata neno tekst. Hata hivyo, sitiari ikitumiwa sana huchakaa, na msomaji husahau kwamba palikuwa na uzi, na palikuwa na mikono iliyousokota. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba katika fasihi ya Kidenmark uhusiano wa ufumaji na uandishi haukuwa sitiari tupu. Ulikuwa pia uhusiano wa vitu na wa kazi, na ndani yake mlikuwa na swali zito: ni nani awezaye kuisema kweli?

Tuanze na lugha yenyewe. Mdenmark aelezapo wazo kuu lipitalo kitabuni hutaja "uzi mwekundu"; asahauye alilokuwa akilisema huwa "amepoteza uzi". Lakini kitenzi væve, kufuma, kina maana ya pili isiyo ya sifa: kusema ovyo, bila mpango. Basi lugha yenyewe yatuonya kwamba si kila kilichofumwa ni nguo. Msomaji wa Kiswahili hatayaona haya kuwa mageni, kwani kwetu kitenzi kutunga ni cha ushanga na ni cha shairi, na msuko ni wa ukili na ni wa hadithi.

Hans Christian Andersen (1805-1875) aliijua kazi hii kwa karibu. Alizaliwa Odense, baba yake akiwa fundi viatu na mama yake mfua nguo, na akiwa bado mtoto alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1837 alichapisha mjini Copenhagen hadithi ya Kejserens nye Klæder, yaani nguo mpya za mfalme mkuu. Matapeli wawili wanajifanya wafumi wa kitambaa kisichoonekana na mtu mjinga wala asiyefaa kwa cheo chake. Kitanda cha mfumi ki kitupu; hakuna mtande wala mshindio. Hata hivyo waziri anayasikiliza kwa makini maelezo yao ya rangi na nakshi, ili akayarudie mbele ya bwana wake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kinachofumwa ni taarifa ya waziri, nayo haina uzi hata mmoja chini yake.

Hadithi hii Andersen hakuibuni yote. Aliipata kwa tafsiri ya Kijerumani kutoka katika El Conde Lucanor, kitabu cha Mhispania Don Juan Manuel kilichokamilika mwaka 1335. Katika masimulizi ya Kihispania, kitambaa hakionekani na mtu ambaye si mwana halali wa yule anayedhaniwa kuwa baba yake. Hofu, basi, ni ya kupoteza nasaba na urithi. Anayethubutu kusema ni mtu mweusi, mtunza farasi wa mfalme, kwa kuwa yeye hana urithi wa kupoteza. Kwa Andersen hofu imekuwa ya kupoteza cheo, na anayesema ni mtoto. Tena yafaa ikumbukwe kwamba sauti ya mtoto huyo haikuwamo katika mswada wa kwanza: mwandishi aliiongeza hadithi ilipokuwa tayari mikononi mwa wapiga chapa. Mtunza farasi na mtoto wa mtaani wana jambo moja la pamoja, nalo ni kwamba wote wawili wako nje ya faida ya uongo.

Katika Hørren, hadithi ya mwisho wa miaka ya 1840, Andersen anaifuata kitani tangu shambani. Inang'olewa, inalowekwa, inapigwa, inasokotwa, inafumwa, inashonwa nguo kumi na mbili. Zikichakaa zinakuwa matambara, na matambara yanakuwa karatasi inayoandikwa visa. Hii si ndoto ya mshairi. Mpaka katikati ya karne ya 19, kabla karatasi ya miti haijaenea, karatasi ya Ulaya ilitengenezwa hasa kwa matambara ya kitani na pamba. Kwa hiyo msomaji wa Kidenmark wa zama hizo alishika mkononi shati la mtu aliyelitolea jasho. Chini ya maneno ya mwandishi palikuwa na kazi ya wasokotaji na wafuaji, aghalabu wanawake, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Suala hilo la wanawake lilishikwa na Karen Blixen (1885-1962), aliyeishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931. Katika Last Tales, kitabu cha 1957, mna hadithi ya ukurasa mtupu, inayosimuliwa na bibi mzee aliyeurithi usimulizi kwa bibi zake. Watawa wa Ureno wanalima kitani na kufuma shuka za harusi za mabinti wa kifalme; kipande cha kila shuka, chenye alama ya usiku wa harusi, hurudishwa na kutundikwa ukutani pamoja na jina la bibi arusi. Kipande kimoja ni cheupe kabisa, na chini yake hamna jina. Mbele ya hicho ndipo wageni husimama kwa muda mrefu kuliko vyote.

Tukiulinganisha weupe huo na kitanda kitupu cha matapeli, twaona tofauti kubwa. Matapeli hawakufuma kitu, wakakijaza kwa maneno. Watawa walifuma kweli, na bibi arusi asiyetajwa akakataa kuandikiwa yaliyotazamiwa na wengine. Utupu wa kwanza ni uongo. Wa pili ni ushahidi.

Kwa hiyo, mhakiki aitapo matini "mfumo" au "msuko" ana wajibu wa kuuliza maswali mawili: uzi umetoka wapi, na ni nani aliyeufuma bila kutajwa? Asipouliza, yu karibu na waziri yule aliyesimama mbele ya kitanda kitupu akisifu rangi.