Asili ya Vihusishi vya Kiingereza

Mtoto wa Tumati, wilayani Mbulu, aliyelelewa kwa Kiiraqw, hufundishwa Kiingereza kwa njia ya Kiswahili, na Kiswahili humpa neno moja tu: kitabu ki mezani, mgeni yu mezani. Kiingereza chataka *on* kwa kitabu na *at* kwa mgeni. Kabla ya mwaka 1066 nomino za Kiingereza zilikuwa na viishio vilivyosaidia kuonyesha uhusiano; vilipofifia katika karne zilizofuata, vihusishi vikaubeba mzigo wao. Sisi tungali na kiishio chetu -ni, na kitenzi “andikia” hakihitaji kihusishi. Basi mfasiri aandikaye “katika” kila aonapo *in* (nasi maofisini tumezidi) ananakili tu. “Alizaliwa katika Tumati”? Alizaliwa Tumati.