Kutoka gari la waya hadi kiti cha rali sebuleni: somo la barabara ya Samunge

Leo tuzungumzie kitu ambacho wazazi wetu wengi wanakiita utoto. Kiti cha gari kimefungwa kwenye fremu ya vyuma sebuleni, usukani uko mbele ya kompyuta, pedeli ziko chini, na kijana wa miaka 25 anakanyaga breki ya gari ambalo halipo. Kabla hujacheka, naomba nikupeleke Samunge kwanza.

Samunge unaikumbuka. Ni kijiji cha Wasonjo katika tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea huko kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, yaani Babu wa Loliondo. Kikombe kimoja, shilingi 500. Babu alifariki mwaka 2021, na mjadala wa dawa yake leo nauacha. Mimi nataka kuzungumzia barabara.

Madereva waliozoea lami ya Dar na Moshi walijikuta chini ya mlima Oldoinyo Lengai, kwenye vumbi la volkano, mchanga na makorongo yasiyo na daraja. Gari limejaa wagonjwa, foleni ni ya kilometa na makilometa. Ajali zilitokea, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Swali langu ni hili: dereva yule angejifunzia wapi makosa yake kabla hajabeba mama wa mtu?

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton, Marekani, kijana mmoja aitwaye Edwin Link alimaliza kutengeneza ndege isiyoruka. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Link alichukua mifuko ya hewa ya vinanda hivyo, mashine za kuvuta upepo na mabaki mengine ya kiwandani, akaunda kiboksi chenye mabawa mafupi ambacho kiliinama na kugeuka kila rubani alipovuta usukani. Mafunzo ya urubani yalikuwa ghali, naye alitaka mtu ajifunze akiwa chini.

Unajua nani alinunua? Viwanja vya burudani! Shule za urubani hazikuona maana yake, wakati watoto walilipa senti chache wakapanda. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wasiozoea kuruka kwenye giza na mawingu wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo jeshi likanunua mashine 6 za Link. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, maelfu ya mashine hizo yakatumika kufundishia marubani. Mdoli wa bembea ukawa shule. Lakini angalia, ilibidi watu wafe kwanza.

Upande wa magari, kampuni ya Atari ilitoa Gran Trak 10 mwaka 1974, gemu ya kutumbukiza sarafu yenye usukani, gia na pedeli mbili. Halafu kompyuta zikaingia majumbani, na hapa ndipo mafundi wa sebuleni wanapoanza. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliweza kuwekewa kadi ya kuchomekea vifaa vya gemu, na kadi hiyo ilikuwa inapima kitu kimoja tu: ukinzani wa umeme. Maana yake nini? Maana yake ile kirungu ya kuongezea sauti kwenye redio ya mkulima inatosha kuwa usukani! Ukiizungusha, ukinzani unabadilika, na kompyuta inajua umekata kona kiasi gani. Katika miaka ya 1990 watu wa Ulaya na Marekani walijenga usukani wao kwa mbao, kamba za mpira na virungu kama hivyo.

Breki nayo ina siri yake. Kwenye gari halisi mguu haupimi umbali wa pedeli, unapima nguvu. Kwa hiyo mafundi wakachukua kipimio kilichomo ndani ya mizani ya kielektroniki, ile ya kupimia uzito wa mwili, wakakifunga nyuma ya pedeli. Kompyuta yenyewe? Ya ofisini, mtumba, inaongezewa kadi nzuri ya picha, pawa saplai yenye nguvu na feni za kutosha ili isiungue. Kiti kinatoka kwenye gari bovu. Fremu ni bomba za mraba na fundi wa kuchomelea. Niambieni, kipi hapo hakipatikani Gerezani au Kariakoo?

Tena sisi tulianza zamani. Nani kati yenu hakuendesha gari la waya? Fito ndefu, usukani wa waya juu, matairi ya vifuniko au malapa chini, na mlio wa injini unatoka mdomoni. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanageuka kweli. Hicho ni nini kama si chombo cha kuigiza uendeshaji? Na rali tulikuwa nayo mlangoni. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na baadaye yakaitwa Safari Rally yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo iliyokwisha kutumika. Leo barabara za rali hiyo zimo ndani ya gemu, kama WRC 9 ya mwaka 2020, na kijana wa Finland anaweza kuzifanyia mazoezi.

Mwaka huohuo wa kikombe, 2011, kijana wa Uingereza aitwaye Jann Mardenborough alishinda shindano la gemu ya Gran Turismo akapewa gari la kweli. Mwaka 2013 timu yake ilishika nafasi ya 3 katika daraja lake kwenye saa 24 za Le Mans. Lakini tusidanganyane. Mwaka 2015 gari lake liliruka uzio kule Nürburgring na mtazamaji mmoja akafa. Gemu haimfundishi mtu kila kitu. Inampa mahali pa kukosea bure, basi.

Na hapo ndipo ninapopataka. Kwetu dereva anajifunza kukosea akiwa na abiria 60 nyuma. Yule anayechomelea fremu sebuleni tunamwambia aache mchezo atafute kazi, kama Link alivyoambiwa kwamba mashine yake ni ya bembea. Kipande cha barabara ya Waso hadi Sale sasa kina lami, na lami inaleta mwendo kasi. Je, tusubiri mpaka watu wafe kwanza, ndipo tukamgongee mlango yule kijana?

Naomba kutoa hoja.