Kasi ya uchujaji na kifumbu cha figo

Katika karatasi ya majibu ya maabara ya mgonjwa wa kiharusi, mara nyingi huwepo mstari wenye herufi eGFR na namba mbele yake, tuseme 48. Ndugu wakiuliza, hujibiwa harakaharaka: figo zinafanya kazi asilimia 48. Jibu linaeleweka, ila namba ile si asilimia. Ni mililita za majimaji ya damu zinazochujwa na figo kwa dakika moja, zikihesabiwa kwa mwili wenye eneo la mita za mraba 1.73. Kwa kuwa kijana mwenye afya hukaribia 100, kosa hilo hujificha vizuri.

Wapo wanaoiita namba hiyo "kiwango cha uchujaji". Mimi nachagua "kasi". Sukari katika damu ina kiwango. Kinachohesabiwa kwa dakika kina kasi. Kwa ukamilifu basi: makadirio ya kasi ya uchujaji.

Na kinachochuja? Wanasayansi hukiita glomerulus, neno la Kilatini lenye maana ya kifundo kidogo cha uzi. Mwenye kujua jiko la pwani angekiita kifumbu. Chujio la chai huachiwa tu, chai ikapita yenyewe. Kifumbu cha tui hakitoi kitu mpaka kikamuliwe. Kila figo ina vifumbu vipatavyo milioni moja, na mkono unaovikamua ni shinikizo la damu. Kwa siku hupita lita 180 hivi, karibu zote zikarudishwa mwilini, mkojo ukabaki lita moja na nusu.

Hapo ndipo kiharusi cha kuvuja damu kinapokutana na figo. Presha ya miaka mingi huchakaza mishipa midogo ya ubongo na ya figo kwa pamoja, hivyo wengi hupasukiwa na mshipa kichwani vifumbu vyao vikiwa vimekwishachoka. Wenye kasi ndogo ya uchujaji hufa au kubaki na ulemavu zaidi kuliko wenzao. Tena taka zisipochujwa hudhoofisha chembe za kugandisha damu.

Daktari hushusha presha ili damu isiendelee kuvuja, lakini kifumbu kilichozoea kukamuliwa kwa nguvu hulegea ghafla. Katika utafiti wa ATACH-2, uliochapishwa 2016, walioshushwa namba ya juu ya presha kwa kulenga kati ya 110 na 139 hawakupona vizuri kuliko waliolengwa 140 hadi 179, na matatizo ya figo katika siku 7 za mwanzo yaliwapata zaidi wale walioshushwa sana.

Sasa lile neno "makadirio", ambalo watu hulidondosha kwanza. Hakuna aliyepima mililita hizo. Zimekokotolewa kutokana na umri, jinsia na kreatinini (si kreatini, ule unga wa wanyanyua vyuma), na kreatinini hutoka kwenye misuli. Mgonjwa aliyepooza akilala wiki kadhaa, misuli hunywea, kreatinini hupungua, hesabu hudhani figo zinaichuja vizuri, na 48 hupanda kuwa 60. Nyumbani wanashangilia, kumbe huenda figo ziko palepale. Daktari mwenye shaka huagiza kipimo cha sistatini C, protini inayotolewa na karibu chembe zote za mwili na isiyotegemea sana misuli. Nacho pia hutoa makadirio.