Dawa ya Mafua ya Owino Imetoka Mbali

Owino ni lile soko kubwa la Kampala karibu na uwanja wa Nakivubo. Jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lakini konda wa taksi atakuitia Owino tu. Wengi wanaenda kutafuta mitumba. Mimi nikitumwa mjini na kikundi chetu cha vijana, lazima nipite kwa wauza majani na viungo, maana kina mama wa kambini wananipa oda: tangawizi, kitunguu saumu, malimau, mujaaja. Mvua zikianza, nyumba nzima pua zimeziba na watoto hawalali.

Ndugu zetu wa mashirika wanaziita "dawa za kienyeji". Neno hilo ndilo limenifanya niandike. Hapo mezani kwa muuzaji, mwenyeji ni nani?

Tuanze na tangawizi. Muuzaji wa Owino anaiita ntangawuzi. Kitunguu saumu anakiita katunguluccumu. Tamka polepole, utasikia Kiswahili ndani ya Kiganda. Vyote viwili asili yake ni Asia. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844. Walileta nguo na bunduki, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Haikuwa biashara safi, lakini maneno ya pwani yalipanda na misafara, mengine yakaingia jikoni yakabaki.

Mkaratusi nao, ambao Waganda wanauita kalitunsi, ni mti wa Australia. Wakoloni waliupanda Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni na kukausha mabwawa. Hawakuuleta kwa ajili ya pua ya mtu. Wananchi wenyewe ndio walichemsha majani, wakajifunika blanketi na kuvuta mvuke. Watanzania wanaita kupiga nyungu.

Mwenyeji hasa hapo ni mujaaja, jani la Afrika lenye harufu kali, ndugu wa kivumbasi cha pwani. Linatiwa kwenye chai.

Kwa hiyo dawa nyingi tunazoita za kienyeji ni wageni waliopokelewa, wakapewa jina, wakazoeleka. Sisi wakimbizi tunaelewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliagiza wauzaji walale sokoni, na watu wengi walikimbilia malimau na tangawizi. Juni 2021 mamlaka ya dawa ya Uganda iliruhusu Covidex, dawa ya mitishamba ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, itumike kusaidia matibabu. Kusaidia, siyo kuponya korona. Nafikiri tofauti hiyo ni ya maana hata kwa mafua ya kawaida. Mvuke na chai ya moto vinalegeza pua kwa muda, unapata usingizi. Virusi vyenyewe mwili unavimaliza, mara nyingi ndani ya siku saba hadi kumi. Mtoto mdogo usimfukize, maji ya moto yanaunguza. Aliye chini ya mwaka mmoja usimpe asali. Na mtoto akipumua mbiombio, kifua kikabonyea ndani, au akishindwa kunyonya, hapo hakuna cha tangawizi: beba mtoto, nenda kliniki.

Kitu kinachonipa wasiwasi ni kingine. Bibi mmoja kutoka Kivu aliniambia, "Mwanangu, kule kwetu jani nililijua hata gizani. Hapa naona linalofanana, lakini naogopa kulichuma." Ana haki ya kuogopa, maana majani yanayofanana yanaweza kuwa na kazi tofauti kabisa. Lakini akinyamaza, na vijana wasipouliza, elimu yake itazikwa naye.

Tangawizi ilidumu kwa sababu kila aliyeipokea alimwonyesha jirani inavyotumika. Vijana, chukueni daftari, mkae na bibi zenu. Andikeni jina la jani kwa lugha yao, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapa, kiasi gani, na kwa nani halifai. Na ninyi wa mashirika, mkija na mafunzo ya afya, waulizeni kwanza wale bibi wanajua nini, halafu mfundishe.