Mnyama wa Shimo Sebuleni: Historia ya Sungura wa Nyumbani na Ujio wa Kichanga

Sungura wote wanaofugwa duniani, wawe wa nyama, wa manyoya au wa kupendwa tu ndani ya nyumba, ni wazao wa aina moja: sungura wa Ulaya, aliyepewa na wataalamu jina la Oryctolagus cuniculus. Asili yake ni Hispania na Ureno, pamoja na kusini-magharibi mwa Ufaransa. Asichanganywe na sungura wa ngano anayemlaghai fisi. Huyo wa ngano ni sungura mwitu wa mbugani, asiyechimba shimo, ambaye watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa Ulaya huchimba. Huishi kwa makundi chini ya ardhi, huzaa vitoto vipofu visivyo na unyoya hata mmoja, na hulinda eneo lake kwa ukali usiotarajiwa kwa mnyama mwenye sura ya upole kama yake.

Ukali huo ndio unaozishangaza familia nyingi za Ulaya na Marekani mama anaporudi nyumbani na mtoto mchanga. Sungura aliyekuwa mtulivu kwa miaka huanza kukojoa kwenye zulia, hujificha nyuma ya kabati, hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma usiku, au humrukia kwa kucha mtu yuleyule anayemlisha. Watu wengi huiita tabia hiyo wivu. Jina hilo halitoshi, na njia ya kumwelewa mnyama huyu ni kufuata safari yake kutoka shimoni hadi sebuleni.

Safari hiyo ilianza kwa ulaji. Baadhi ya wanahistoria husema hata jina Hispania lilitokana na mabaharia Wafoinike, waliowaona sungura wa nchi hiyo wakadhani ni pimbi waliowazoea kwao. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mwandishi Mrumi Varro alieleza jinsi ya kuwafuga sungura katika viwanja vilivyozungushiwa ukuta. Pliny naye aliandika kwamba wenyeji wa visiwa vya Balearic walizidiwa na sungura walioharibu mavuno yao hadi wakamwomba Kaisari Augusto awapelekee askari. Wanormani waliwapeleka Uingereza, na huko mabwana wa ardhi wakawajengea vichuguu vya udongo wachimbe humo, wakaajiri walinzi wa kuwatunza na kuwavuna. Katika enzi hiyo yote mnyama alizungushiwa ukuta lakini hakuzoeshwa mtu. Aliendelea kuishi maisha yake ya shimo, na binadamu alikuja tu kuchukua nyama na ngozi.

Vitabu vingi hurudia hadithi kwamba sungura alifugwa rasmi mwaka 600, baada ya Papa Gregori kuruhusu vitoto vyake viliwe wakati wa mfungo kana kwamba ni samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Papa hakutoa amri kama hiyo. Hadithi ilizaliwa kwa makosa ya kunukuu. Ufugaji ulikuja polepole, katika karne nyingi za kumtoa mnyama kwenye kiwanja na kumtia bandani. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba mabadiliko yaliyomtofautisha sungura wa kufugwa na wa mwitu ni madogomadogo na mengi, na sehemu kubwa yanahusu ukuaji wa ubongo na neva. Mwaka 2018 watafiti walipima ubongo wenyewe. Amigdala, sehemu inayohusika na woga, ilikuwa ndogo zaidi kwa sungura wa kufugwa, na eneo la mbele linalosaidia kuutawala woga huo lilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo ufugaji ulimpunguzia sungura hofu, lakini haukumwondolea tabia ya kuliwekea eneo lake alama na kulilinda.

Maelezo mazuri ya zamani kuhusu jamaa za sungura wanaoishi na watu ndani ya nyumba yaliandikwa na mshairi Mwingereza William Cowper. Mwaka 1774, akiwa katika hali mbaya ya huzuni, alipewa sungura mwitu mchanga, na muda si muda akawa analea watatu: Puss, Tiney na Bess. Aliwatengenezea vyumba vya mbao kwa mikono yake, na jioni aliwafungulia wacheze juu ya zulia. Puss aliugua, akauguzwa, na baada ya hapo akawa rafiki wa kweli. Tiney alitunzwa vilevile asibadilike. Aliguna, alipiga kwa miguu ya mbele na kuuma. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1784, Cowper aliona jambo ambalo wafugaji wa leo wangelitambua mara moja: wanyama hao waligundua badiliko dogo kabisa la mahali walipozoea. Zulia lilipotobolewa na moto likatiwa kiraka, walikwenda papo hapo kukinusa kiraka kile kwa makini. Aliona pia kwamba walichagua watu kwa harufu. Msaga nafaka aliyeingia na koti lenye vumbi la unga aliwavutia mno. Ikiwa kiraka cha zulia kilistahili uchunguzi wa namna hiyo, si ajabu kwamba mtoto mchanga, pamoja na kitanda chake, nguo zake na maziwa yake, huligeuza eneo zima la mnyama.

Karne moja baadaye, Beatrix Potter alikuwa na sungura wawili nyumbani kwao London. Benjamin alitembezwa kwa kamba, na Peter alipenda kulala karibu na moto wa mekoni kama paka. Mwaka 1893 Potter alimwandikia mtoto mgonjwa barua ya picha kuhusu sungura, na barua hiyo ndiyo iliyozaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1902 na kumfanya sungura kuwa mnyama wa watoto duniani kote. Hata hivyo desturi ya kumwingiza ndani haikuenea. Sungura wa mtoto wa Kiingereza alibaki kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba, na wakati wa vita viwili vya dunia mabanda hayo yaliongezeka kwa sababu nyama ilikuwa adimu. Sungura wa bandani hakukisikia kilio cha kichanga usiku wala hakupokonywa chumba. Swali la tabia yake mtoto anapozaliwa halikuwa na mahali pa kuanzia.

Msingi wa jibu uliwekwa na watu waliochunguza sungura wa mwituni. Huko Canberra, Australia, Roman Mykytowycz alitumia miaka ya 1950 na 1960 kuchunguza tezi zilizo chini ya kidevu cha sungura. Alionyesha kwamba dume mwenye cheo husugua kidevu chake mara nyingi kuliko wengine, na kwamba kinyesi na mkojo pia ni alama za mipaka ya kundi. Ndani ya mipaka hiyo mnyama hujiamini. Nje yake huwa mwoga. Majike nao huvifukuza na kuvishambulia vitoto visivyo vyao. Ronald Lockley wa Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1964, aliwaelezea wasomaji wa kawaida maisha hayo ya shimoni.

Malezi ya sungura ni ya kimya. Jike hufukia mlango wa shimo la uzazi, huenda zake, na hurudi kunyonyesha kwa kawaida mara moja tu kwa siku, kwa dakika 3 hadi 5. Vitoto havimwiti kwa vilio, na sungura mzima hupiga yowe pale tu anapokuwa katika hofu kuu au maumivu makali. Katika nyumba yenye kichanga hali ni kinyume kabisa: vilio vikali saa zote, watu wanaotembea usiku, taa zinazowashwa alfajiri na jioni, ambazo ndizo saa za sungura kula na kucheza. Kupiga sakafu kwa kishindo ni tahadhari ya hatari kwa kundi. Kumwaga mkojo na vidonge vya kinyesi pembezoni mwa chumba ni kuweka upya mipaka ambayo harufu mpya imeifunika. Mama anayeng'atwa huenda ananuka kitu kigeni. Wapo pia sungura wanaofanya kinyume, wakalala chini ya kitanda cha mtoto kwa saa nzima. Kwao harufu ile imeshaingia katika harufu ya kundi.

Maarifa hayo yalifika majumbani mwaka 1985, Marinell Harriman wa California alipotoa kitabu cha mwongozo wa kuishi na sungura ndani ya nyumba. Mwaka 1988 ilianzishwa House Rabbit Society, shirika lililookoa sungura waliotupwa na kufundisha kwamba mnyama huyu anaweza kutumia sanduku la choo na kuhasiwa kwa usalama. Kuhasi kulisahihisha kosa moja la zamani. Sungura hubalehe akiwa na miezi 3 hadi 6, na homoni zake peke yake humfanya anyunyize mkojo na kuwa mkali. Balehe ikigongana na siku za uzazi, mtoto hulaumiwa kwa jambo lisilomhusu.

Ushauri uliotokana na historia hii ni wa kulinda mazoea. Banda la ndani huhamishwa wiki kadhaa kabla ya uzazi, si siku ileile. Nguo yenye harufu ya kichanga huwekwa karibu na sungura anuse kwa hiari yake. Saa za chakula hazibadilishwi. Na mnyama haachwi peke yake na mtoto hata kidogo. Dalili isiyovumiliwa ni kukataa kula. Tumbo la sungura linahitaji nyasi kavu bila kukoma, na anayekaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi hupelekwa kwa daktari wa mifugo mara moja. Sungura wa ndani aliyetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, hivyo aliyempokea kichanga kwa vishindo vya miguu huenda akawa bado yupo mtoto huyo anapoanza shule.