Kipande House
Kipande House ni jengo la mawe la mwaka 1913 kwenye Barabara ya Kenyatta, katikati ya Nairobi, ambalo leo ni tawi la benki ya KCB. Usanifu wake unapendeza, lakini thamani yake kuu ya urithi ni ushahidi: hapa wanaume Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, hati waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kuivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mtu aweza kupinga akisema kwamba alama ya dhuluma haistahili kutunzwa, tena mahali penye ardhi ghali. Hata hivyo, kulibomoa kungefuta ushahidi, si dhuluma yenyewe; na matumizi ya kibenki yanathibitisha kwamba jengo la kale laweza kujilipia matunzo yake.